Moto Upi, Fundi?

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta,

Kabla sijaondoka mliniomba niwaandikie ukurasa mmoja juu ya feni kubwa, namna ya kuziunganisha ndani ya kompyuta ya mezani bila kuunguza kitu. Ukurasa mmoja tu, mkasema, mzee, tuubandike ukutani pale karibu na kalenda. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Tangini wiki nzima na kalamu, na huo ukurasa umegoma. Kila nikianza na volti na ampea, mkono unakwenda kwingine. Basi nimeuacha uende unakotaka. Maelekezo yenu yamo humu ndani, ila itabidi muyatafute.

Na lile swali lenu la siku zote nitalijibu humu humu. Mnanijua: mtu akisema mbele yangu "feni haipati moto", namrudisha, sema umeme haufiki. Akisema "mashine inapata moto", namrudisha tena, sema joto limezidi. Neno moto nimelikataza chumba kile miaka yote, isipokuwa kitu kiwe kinawaka kweli kweli. Mmenicheka sana kwa hilo. Hamisi alikuwa akiniigiza nikishatoka, na sauti yake nilikuwa naisikia mpaka kwenye korido. Sikukasirika. Au tuseme nilikasirika kidogo.

Nilianza kazi Zegereni, hapa hapa Kibaha, nikiwa na cheti kipya na shati jeupe. Shati jeupe, kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu! Kufika saa nne asubuhi lilikuwa na rangi ya kutu, na mke wangu alilifua mara tatu kabla hajakata tamaa. Nilikabidhiwa kwa Mzee Kondo, fundi umeme mkuu, mtu wa Kisarawe, mwembamba, mpole wa sauti, aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapuliza vumbi kutoka kwenye feni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Nina cheti cha kompyuta, mzee."

"Sikuulizi cheti. Soma mgongo wa hiyo feni."

Nikasoma jina la kampuni na nchi ilikotengenezwa. Akatikisa kichwa. "Hayo mapambo. Soma namba ndogo pale chini."

"Volti kumi na mbili. Sifuri nukta moja nane A."

Akanipa nyingine, iliyotoka kwenye seva kuukuu. "Na hii?"

"Volti kumi na mbili. Mbili nukta tano A."

"Upana wake ni sawa?"

"Sawa."

"Plagi zake je?"

"Sawa, mzee."

"Haya. Hapo ndipo watu wanapoungua." Akaendelea kupuliza vumbi lake.

Hilo ndilo somo lenyewe, na mengine yote ni maelezo. Feni mbili zina sura moja na plagi moja, na zote zitaingia kwenye zile pini nne ndogo za mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Lakini pini zile kwa kawaida zimetengenezwa kubeba ampea moja hivi, na za bodi nyingine hata hapo hazifiki. Ukizitundikia feni ya ampea mbili na nusu hazitalalamika papo hapo. Feni itazunguka vizuri, utajipongeza, utafunika mashine uende kunywa chai. Huku nyuma plastiki inalainika.

Kwa hiyo feni nzito ilishwe moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Chukua waya wa njano, ndio wa volti kumi na mbili, na mweusi wa kurudishia. Mwekundu uache, huo ni wa volti tano, na kuna watu wameuchanganya na wa njano wakajuta. Kwenye ule wa njano weka fyuzi, tena karibu na pawasaplai, ili waya ukichubuka popote mbele yake fyuzi ikatike kwanza. Kwenye mazabodi peleka nyaya mbili za ishara tu, ule unaohesabu mizunguko na ule unaoamuru kasi. Hizo hazina mzigo. Na msihesabu kwa kubana, maana feni inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya inavyovuta ikishashika mwendo.

Mzee Kondo hakuniambia yote hayo kwa siku moja. Ilichukua karibu miaka miwili, sentensi moja moja, nyingi akiwa ananipa kisogo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa adui wa kompyuta. Vumbi la pale lina chuma ndani yake, likitua kwenye bodi linaweza kupitisha umeme pasipotakiwa. Nilitoa mijusi iliyokauka ndani ya pawasaplai hadi nikaacha kushtuka. Mhasibu mmoja aliifunika mashine yake kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kizuri kabisa, ili isiingie vumbi, akaiwasha ikiwa imefunikwa vile vile. Nilipokitoa, kitambaa kilikuwa cha uvuguvugu kama kimetoka kupigwa pasi. Aliniuliza kama kinafaa kurudishwa ikishapoa.

Lakini hakuna mahali palipotutesa kama kibanda cha mizani. Kilikuwa cha vioo pande tatu, karani aone malori yanavyopanda na kushuka, na juu yake bati tupu. Aliyekaa mle alikuwa Mwanahawa, dada wa Kisarawe, mwenye mwandiko ulionyooka na ulimi uliokuwa tayari muda wote. Madereva walimwogopa. Dereva akimwambia uzito umekosewa alikuwa anamjibu, "Shuka wewe, tupime lori peke yake, tujue nani mzito." Alikuwa wa kwanza kwao kuajiriwa kiwandani kwa kazi ya kukaa mezani, na hilo hakulificha. Baba yake, mkulima wa mihogo, alifika getini siku moja na kanzu yake ya Ijumaa, aone tu mwanawe anavyofanya kazi.

Kompyuta yake ilikuwa inazima kila jua likipanda. Ikizima, mizani imekufa, na malori yanapanga foleni mpaka barabarani huku mameneja wanapiga kelele kwenye redio za mkononi. Nikaifungia ile feni ya seva ya ampea mbili na nusu, kwa utaratibu wa Mzee Kondo: nyaya kutoka kwenye pawasaplai, fyuzi, na ishara tu kwenye bodi. Ililia kama mashine ya kusaga, lakini kompyuta ikaacha kuzima. Mwanahawa akasema sasa ana ndege yake mwenyewe, bado rubani.

Ilikaa hivyo miezi kadhaa. Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo: nyaya pale zilipoungana nilizisokota nikazizungushia tepu nyeusi, badala ya kuzibana kwa kiunganishi au kuzilehemu. Nilisema nitarudi nizilehemu, sikurudi. Malori yakipanda mizani kibanda chote kinatetemeka, na kila siku ule msokoto ulikuwa unalegea.

Siku ulipoachia nilikuwa Magindu, msibani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa akifuga ng'ombe kule, na alikuwa amefariki ghafla. Ilikuwa mchana, jeneza liko karibu kutolewa, wanaume tumeshajipanga. Simu ikaita. Mtandao wa kule ulikuwa unapatikana ukipanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi, nikaenda nikapanda.

"Fundi, pole na msiba," akasema Mwanahawa. "Samahani jamani, najua uko wapi. Feni imesimama, kompyuta imezima, na foleni imefika nje. Meneja yuko hapa ananisimamia kichwani."

Ningemwambia aache. Ningesema tu, mpe simu Mzee Kondo, na Mzee Kondo alikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Lakini nilikuwa na kiburi na ile feni, na sikutaka aje aone tepu yangu. Hilo mlijue. Sikuzuiwa na msiba, nilizuiwa na tepu.

Nikamwambia azime kabisa, afungue ubavu wa mashine, achomoe plagi ya feni ilipo, aichomeke kwenye pini nne zilizo wazi juu ya bodi. "Kwa muda tu," nikasema, "nikirudi nitaweka sawa." Mwanahawa hakuwa fundi, lakini alikuwa na mikono makini. Akafanya, akawasha. Nikasikia feni ikivuma kwa mbali, halafu sauti ikakatika, ikarudi. Kutoka uani walikuwa wananipungia mkono, jeneza limeshatoka.

Nikauliza, "Inapata moto?"

Sisi mafundi tunasema hivyo. Waya una moto, soketi haina moto, maana yake umeme umefika au haujafika. Nilikuwa nimeshaisikia feni ikivuma, hata sijui niliuliza nini. Ni mazoea ya mdomo. Lakini Mwanahawa hakuwa fundi. Yeye alisikia Kiswahili cha watu wote. Akanyoosha kidole, akagusa plagi.

"Ndiyo fundi, inapata moto," akasema. "Tena inapata moto sana."

"Safi kabisa," nikasema. "Ikipata moto ndiyo vizuri. Funika, endelea na kazi."

Nikashuka kwenye kichuguu nikaenda kumzika shemeji yangu.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Haikupita nusu saa, moshi ukaanza kutoka nyuma ya mashine. Mwanahawa akachomoa waya wa ukutani, akafungua ubavu akakuta mwali umeshika plastiki. Akaishika ile plagi kwa mkono aitoe, ikamng'ang'ania vidoleni ikiwa imeyeyuka. Dereva mmoja akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Kibanda hakikuteketea, lakini kompyuta iliisha pale pale, na mizani ikafungwa siku mbili. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia viliungua, cha shahada na cha kati.

Nilirudi nikaitwa ofisini. Alikuwepo meneja, ofisa utumishi, na Mwanahawa mwenyewe na mkono umefungwa bendeji. Kanuni ya kiwanda ilikuwa wazi, asiye fundi haruhusiwi kufungua kompyuta. Ofisa akaniuliza, "Fundi, ulimwambia nini kwenye simu?"

Nikasema, "Nilimuuliza kama inapata moto. Akasema inapata."

Ofisa akamgeukia. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema hivyo," akajibu Mwanahawa.

"Yaani umegusa, umeona inapata moto, ukafunika?"

"Fundi ndiye aliyesema nifunike. Na ndiye aliyesema nihamishe plagi. Fundi, si uliniambia?"

Wote wakanitazama. Vijana wangu, kila neno nililokuwa nimelisema mpaka hapo lilikuwa kweli. Sikuwa nimedanganya hata silabi moja. Nilikuwa nimebakiza sentensi moja tu: kwa lugha yetu mafundi, moto ni umeme, na mimi ndimi niliyemwagiza. Nikaona cheti changu, nikaona watoto wangu wawili wako shule, nikaona ile tepu nyeusi.

Nikasema, "Simu ilikuwa inakatakata. Sikumbuki vizuri nilivyosema."

Mwanahawa alinitazama. Taarifa iliandikwa, hitilafu iliyosababishwa na uzembe wa mtumiaji, na mimi nikatia saini kama fundi. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuendelea. Viwanda vya Zegereni vinapigiana simu, kwa hiyo hata kwenye mizani nyingine hakupokelewa. Akarudi kwao Kisarawe.

Mzee Kondo aliisoma ile taarifa akiwa amesimama. Halafu akaja kwangu, akatoa mfukoni plagi iliyoungua, nyeusi, imejikunja, pini zake zimekwama ndani.

"Feni ilikuwa ya ampea ngapi?"

"Mbili na nusu, mzee."

"Na hii nimeibandua kwenye bodi. Karani wa mizani alijuaje kwamba pale kuna pini za feni?"

Akasubiri, kwa upole ule ule. Akaiweka plagi mezani pangu. "Itunze," akasema.

Hakwenda kunisema. Alisema baadaye, siku moja tu, kwamba jambo hilo ni langu, kinywa changu ndicho kinachotakiwa. Tuliendelea kusalimiana mpaka alipostaafu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Lakini hakunifundisha tena kitu, hata sentensi moja. Ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, akiwa bado anasubiri kinywa changu.

Plagi hiyo mnaijua. Ni ile ninayowapitishia kila anapoanza kijana mpya, nikisema, "Tazama ampea mbili na nusu zinavyofanya kwenye pini za bodi." Mkiniuliza iliungua wapi nawajibu, kwenye kibanda kimoja. Mkiniuliza nani aliichomeka, naangalia saa. Neno moto nililipiga marufuku wiki ile ile aliyoondoka Mwanahawa. Nilijiambia nawalinda nyinyi. Uongo. Nilikuwa silitaki masikioni mwangu.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mlipokuwa mnachangishana keki, nilikuwa naandika barua kwa uongozi. Nikaeleza yote, kichuguu, plagi, tepu, simu, na kwamba Mwanahawa alifanya alichoagizwa na fundi, na alipoulizwa alijibu kwa ukweli. Nikaomba ile taarifa isahihishwe. Ofisa utumishi wa sasa ni binti mdogo, hata hakumjua Mwanahawa. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Mzee, kwani kuna mtu anakudai maelezo?" Nikamwambia yupo. Akagonga muhuri, akaiweka kwenye faili, akanipa nakala.

Na nakala hiyo nikaenda nayo Kisarawe.

Niliambiwa ana stesheneri karibu na soko. Nikashuka pale, nikamuuliza kijana wa bodaboda stesheneri ya Bi Mwanahawa iko wapi. Akakunja uso, hamjui. Nikamweleza, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani Kibaha. "Ahaa! Si useme kwa Mama Moto?" akasema. "Mama Moto, yule aliyechoma kiwanda! Panda, mzee." Alisema akicheka, wala hakuwa na ubaya, kwake lilikuwa jina tu. Mimi nilipanda ile pikipiki.

Alikuwa anatoa fotokopi. Amenenepa kidogo, na miwani. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Fundi Elia! Karibu. Karibu ukae. Umezeeka jamani."

"Nimestaafu, dada. Habari za siku?"

"Nzuri. Mama Neema hajambo?"

Akaniulizia mke wangu kwa jina la mtoto wetu. Nikasema hajambo. Halafu nikampa barua nikiwa bado nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaitoa. Akaisoma polepole, kidole cha shahada kinafuata mistari. Ncha ya kidole hicho inang'aa, imekazana, haina mistari ya kidole tena. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Ulikuwa unakumbuka," akasema.

"Nilikuwa nakumbuka."

"Kila neno?"

"Kila neno, dada Mwanahawa."

Akavua miwani. "Mimi nilikutetea, unajua? Baba alitaka kuja kwako Tangini, ana panga la shamba mkononi. Nikamshika. Nikamwambia baba, yule mtu ametoka kumzika shemeji yake, mtu aliyefiwa hakumbuki alichosema, na simu ilikuwa mbaya. Nikamwambia fundi Elia hawezi kunifanyia vile kwa makusudi. Mpaka anakufa, baba alikuwa akisikia mtu ananiita Mama Moto anageuza njia. Na mimi namwambia, baba, ni bahati mbaya tu. Ni bahati mbaya! Miaka yote hii nimekuwa nikikutetea wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyabeba. Hilo la kutetewa sikuwa nimelijua, wala sikuwa na mahali pa kulishika. Nikalia pale, mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi ya kitambulisho, mtu mzima wa miaka sitini. Nikamwambia nisamehe. Yeye hakulia.

"Sijakusamehe," akasema. "Nataka ulijue hilo, usije ukaenda huko ukasema Mwanahawa kasamehe. Nitakapokuwa tayari nitakwambia mwenyewe. Nimesema nini?"

"Umesema hujanisamehe."

"Vizuri. Leo umesikia." Akatoa nakala tano za ile barua, akaibandika moja ukutani, juu ya bei za fotokopi, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Mteja wa kitambulisho akaanza kuisoma hapo hapo. Kisha Mwanahawa akanigeukia. "Sasa, kwa kuwa umekuja. Kompyuta yangu inazima jua likipanda."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Unanitazama nini? Si fundi wewe? Kuna mtu aliniwekea feni kubwa. Ikizunguka inanukia plastiki."

Nikaifungua. Jamani, ilikuwa vile vile. Feni ya seva, mgongoni mbili nukta nne A, imetundikwa kwenye pini nne za mazabodi, na plagi yake nyeupe imeshaanza kuwa ya kahawia pembeni. Zilikuwa zimebaki siku chache tu iyeyuke. Nikavua koti, nikatoa mfuko wa vifaa ambao mke wangu alikuwa amenikataza nisiende nao.

Nilifanya kazi ile kama nafanya mtihani mbele ya Mzee Kondo. Nikasoma mgongo wa feni kwa sauti. Nikachukua njano na nyeusi kutoka kwenye pawasaplai, nikapima kwa mita kuhakikisha ni kumi na mbili. Nikaweka fyuzi. Nikalehemu kila muungano, nikavuta kila waya kwa nguvu kuona kama utaachia. Tepu sikuigusa. Kwenye bodi nikapeleka zile nyaya mbili za ishara basi. Nikafunga nyaya zote pembeni zisiguse mapanga ya feni. Mwanahawa alikaa kwenye stuli ananitazama mwanzo mpaka mwisho, na wateja wawili waliokuja akawaambia wasubiri.

"Washa," nikasema.

Akabonyeza. Feni ikanguruma, kompyuta ikaamka. Mimi nilikuwa nimeinama na tochi mdomoni, jasho linaingia machoni, na neno nililolikataza miaka yote likanitoka lenyewe.

"Inapata moto?"

Nikainua kichwa. Mwanahawa amesimama, ananitazama usoni.

"Moto upi, fundi?"

Nikatoa tochi mdomoni. Nikamuuliza upya, kama nilivyotakiwa kumuuliza siku ile juu ya kichuguu.

"Dada Mwanahawa, umeme umefika. Naomba uniambie, plagi ina joto?"

Akasogeza stuli, akanyoosha kidole cha shahada, kile kisicho na mistari, akakiweka juu ya plagi. Akakiacha pale. Nikahesabu moyoni, nikafika sitini, nikaanza tena, na yeye hajakitoa.

"Baridi," akasema.